Brauza ya simu siyo intaneti yenyewe

Jamani wa Kigoma, ile meseji ya kwamba ukiweka brauza tofauti na iliyokuja na simu basi laini inafungiwa na simu inakufa imerudi tena kwenye magrupu, Mwanga mpaka Ujiji watu wanatumiana. Siyo kweli. Brauza ni programu tu ya kufungulia kurasa, bando linatoka kwenye laini yako, na kampuni ndogo zinaruhusiwa kabisa kutengeneza za kwao. Cheki mwenyewe, simu nyingi za Android ukiingia Mipangilio, Programu, halafu Programu chaguomsingi, unakuta sehemu ya kuchagua brauza unayotaka, sasa ingekuwa kosa wangekuwekea hapo?

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu kampuni kubwa zinahakikisha ya kwao imo tayari kabla hujanunua simu, wengi wetu intaneti tumeijulia kwenye ikoni ile ile moja, halafu ukipakua faili nje ya duka la programu simu inatoa onyo. Onyo hilo lisikilizeni, faili za kurushiana zinaweza kuwa na virusi kweli, ila linahusu ulikoitoa programu, siyo udogo wa kampuni. Ukitumiwa hiyo meseji usiiforwadi, mweleweshe taratibu aliyekutumia, hasa wazee wetu maana wanaogopa kweli.