Tatizo la haiba: maana yake na dalili zake

Neno haiba tumelizoea kwa maana ya mvuto wa mtu, lakini wataalamu wa afya ya akili hulitumia kwa upana zaidi: ni namna ya kudumu ambayo mtu hufikiri, huhisi, hujiona na huishi na wenzake. Namna hiyo huitwa tatizo pale inapokuwa ngumu kiasi cha kutobadilika hata mazingira yakibadilika, ikaonekana nyumbani na kazini vilevile, ikadumu kwa miaka, na ikamtesa mwenyewe au walio karibu naye. Masharti haya yana uzito kuliko dalili yoyote moja, kwa kuwa kila mmoja wetu ana siku za wivu, hasira au shaka, na si haki kumbandika mtu jina la ugonjwa kwa ugomvi wa wiki moja.

Hapa Uganda tatizo hili hujificha kwa urahisi. Mwenye nalo mara nyingi hasikii sauti wala haropoki ovyo barabarani; anafanya biashara na kulipa kodi ya nyumba, kwa hiyo majirani husema ana kichwa kigumu, amerogwa, au mizimu ya ukoo inamdai. Fikiria binti anayeuza mitumba katika soko la Owino. Shoga yake asipopokea simu mchana, yeye anaamini tayari ameachwa. Anatuma ujumbe mara ishirini, wa kwanza wa kubembeleza na wa mwisho wa matusi, na kufikia magharibi ameshaifuta namba. Alfajiri yuko mlangoni kwa shoga huyohuyo, analia, mkononi ana rolex ya moto, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Likitokea mara moja, ni ubinadamu. Likijirudia kwa kila rafiki na kila mchumba, likaambatana na hisia ya utupu na kujikata kwa wembe, linaelekea kwenye aina inayoitwa haiba ya mpakani.

Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2013 unataja aina 10 katika makundi 3: wenye shaka na kujitenga, wenye hisia kali au wasiojali haki za wengine, na wenye hofu, wakiwemo wanaokwepa watu kwa kuogopa kukataliwa. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, hutazama kwanza ukali wa tatizo, na kwa maoni yangu huo ndio mtazamo unaomfaa zaidi mgonjwa.

Chanzo si kimoja: maumbile ya kurithi hukutana na malezi, na wengi waliteswa au kutelekezwa utotoni. Tiba kuu ni mazungumzo ya kitaalamu ya miezi mingi. Dawa husaidia zaidi maradhi yanayoandamana nalo, kama sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Huduma hutolewa katika hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, Kampala, na katika vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa, na anayezungumzia kujiua apelekwe siku hiyohiyo. Ni vyema aandamane na ndugu aliyemjua kwa miaka mingi, kwa sababu mgonjwa mara nyingi huiona hali yake kuwa ya kawaida, na daktari anahitaji historia ndefu kuliko maelezo ya jana.