Raba Ikikubana Dukani, Usiinunue: Maswali na Majibu Kuhusu Viatu vya Kukimbilia

Kila Jumatatu, katika chumba cha kufungia vidonda hapa Malindi, huja watu waliokimbia mwishoni mwa juma kwenye ufuo wa Silversands au kando ya barabara ya Casuarina, wakiwa na kucha nyeusi na malengelenge yaliyopasuka. Maswali yao ni yale yale.

Raba ya kukimbilia ni kiatu gani?

Ni kiatu chepesi chenye soli ya sponji inayopokea kishindo mguu unapotua, na kitambaa kinachopitisha hewa. Njumu za mpira hazifai kwa kazi hiyo.

Nipime vipi?

Nenda dukani jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, nawe uvae soksi utakazokimbilia. Pima ukiwa umesimama, miguu yote miwili, kisha ufuate ule mkubwa. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kisigino kisipwaye. Kwa anayenunua mtumba ambao namba yake imefutika, simama juu ya karatasi nyumbani, uchore wayo kwa penseli, uikate, kisha uitandaze ndani ya kiatu. Karatasi ikikunjika pembeni, fahamu kuwa vidole vyako navyo vitakunjika humo.

Muuzaji asema zikivaliwa zitaachia. Ni kweli?

Hapana. Kitambaa huenda kikalegea kidogo, lakini soli haiongezeki urefu. Kidole kinachogonga ncha ya kiatu kila hatua, kwa maelfu ya hatua, huvilia damu chini ya ukucha, na ukucha hung'oka. Nawaambia wagonjwa jambo hili kila wiki, na kila wiki hujibiwa kwamba raba zilikuwa za bei nzuri. Hapana, hazitaachia.

Mitumba je?

Inafaa ikiwa mizima. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekwisha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: iliyolika upande mmoja ina mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na itakulazimisha kuufuata. Hata raba mpya huchoka baada ya takriban kilomita 500 hadi 800, yaani miezi sita hadi tisa kwa anayekimbia kilomita 20 kwa wiki. Ikilowa maji ya bahari, isuuze kwa maji baridi na kuianika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu gundi.

Mfupa wa muundi waniuma. Je, nimeze diklofenaki niendelee?

Usiendelee. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayouma hata usiku umelala, yaweza kuwa ufa, na dawa huyaficha tu huku ufa ukizidi. Acha kukimbia, uje upimwe.

Nina kisukari, nimeshauriwa kufanya mazoezi. Lengelenge haliniumi; je, nisubiri?

Usisubiri. Kisukari hufisha mishipa ya fahamu ya miguu, hivyo kutoumwa hakumaanishi kwamba kidonda ni kidogo. Nilimpokea mzee mmoja ambaye soksi yake ilikuwa imegandamana na kidonda, ikabidi tuilowanishe kwa maji ya chumvi kabla ya kuivua. Ndani ya raba yake mlikuwa na changarawe ndogo kama punje ya mtama, aliyoikanyaga kwa siku tatu bila kuihisi. Nyumbani walikuwa wamemmwagia unga wa kapsuli. Nawasihi sana, tuache kabisa unga wa kapsuli, dawa ya meno na mafuta ya taa: unga na dawa ya meno huziba kidonda kwa juu huku usaha ukichimba chini, mafuta ya taa huunguza ngozi, na kuchelewa kuja kutibiwa ndiko kunakofikisha watu kukatwa vidole, hata mguu.

Kung'uta raba kabla ya kuivaa, upapase ndani kwa mkono, na kila jioni ukague nyayo kwa kioo au umwombe wa nyumbani akutazamie. Ukiona lengelenge, usilitumbue. Lifunike kwa kitambaa safi na uje siku hiyo hiyo, usingoje kesho wala usingoje liume, na uje na raba zenyewe mkononi ili tuone zinapokuchubua.