Ufunguo wa Sanduku: Miezi Mitatu Kati ya P7 na S1

Februari ikifika, watoto wa Uganda waliomaliza P7, darasa la mwisho la msingi, wanapoingia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, maduka ya hapa Busia mpakani hupanga masanduku ya bati mpaka barazani. Wazazi hupita na orodha ya shule mkononi wakipunguziwa bei: godoro, beseni, jerikeni, fagio, rimu ya karatasi, jembe. Mimi ni mwalimu mshauri wa sekondari, na kazi yangu huanza masanduku hayo yakishaingia bwenini. Naomba leo tuzungumzie kile ambacho hakimo kwenye ile orodha.

Nilijifunza kwa mwanangu wa kwanza. Nilimnunulia kila kitu, nikapiga tiki kila mstari. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimkuta kola ya shati imekuwa nyeusi. Kumbe ufunguo wa kufuli ulipotea siku ya pili tu. Wiki tatu nzima sanduku lilikaa chini ya kitanda limefungwa, sabuni ndani, shuka ndani, naye anaazima kijiko cha mwenzake ili ale posho (ugali) na maharagwe. Chumba cha matroni kilikuwa hatua chache kutoka kitanda chake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mama, sikujua naanzaje."

Jibu hilo limekaa nami mpaka leo, maana mtoto huyo alikuwa amefaulu vizuri sana. Hakukosa akili. Alikosa mazoezi ya kuuliza.

Tazama mwaka wa P7 unavyokwenda. Mtoto anaamka gizani, anafanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita moja baada ya nyingine, masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo linampa daraja kati ya 1, iliyo bora, na 9, tunajumlisha, na nyumba nzima inaombea ile 4. Mwaka mzima tunamsifu kwa kujibu. Kuuliza hakuna alama. Tena akiuliza sana huambiwa anachelewesha darasa.

Halafu anaingia S1. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unampa masomo 12, na 11 kati yake ni ya lazima. Sayansi aliyoijua imegawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Maarifa ya Jamii yamekuwa Historia na Jiografia. Ujasiriamali ni mgeni kabisa kwake. Kila somo lina mwalimu wake, na mwalimu huyo anataka wanafunzi wajadiliane kwa vikundi, wafanye mradi, wasimame waeleze walichogundua. Kazi hizo si mapambo: asilimia 20 ya alama za mwisho katika S4, mwaka wa nne, hutokana na kazi za darasani, 80 ndiyo mtihani. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza na kujaza majibu anaanza kupoteza alama kimyakimya, na mzazi anadhani amekuwa mvivu.

Hata Kiswahili ni cha lazima S1 na S2. Watoto wetu wa mpakani huingia kwa kujiamini, kwa kuwa Kiswahili ndicho cha sokoni na cha stendi ya bodaboda. Wakikutana na ngeli wanashtuka. Mwambie mwanao mapema kwamba kukizungumza na kukisoma ni kazi mbili, na ya pili pia ataiweza.

Ndugu zetu wa ng'ambo, upande wa Kenya, tangu 2023 watoto wao wanaingia sekondari ya chini katika Gredi ya 7, na mara nyingi hubaki katika uwanja uleule wa shule ya msingi waliyoizoea. Sisi hatuna daraja hilo la katikati. Mtoto wa miaka 13 anatoka P7 akiwa mkubwa wa shule, anaamkia S1 akiwa mdogo kuliko wote, pengine katika wilaya ambayo hajawahi kuikanyaga.

Lakini tuna miezi mitatu. Mtihani wa P7 humalizika Novemba mwanzoni, matokeo husomwa Januari, na S1 huripoti Februari. Wengi huitumia miezi hiyo kwa masomo ya ziada, au wanampeleka mtoto kwa bibi mpaka matokeo yatoke. Kwa bibi ni kuzuri. Ila ningeomba kila wiki mtoto apewe jambo moja la kwenda kumwambia mtu mzima asiye wa nyumbani. Aende dukani kurudisha betri mbovu. Aende zahanati aeleze mwenyewe kichwa kinamuuma tangu lini, wewe ukae kando. Amuulize kondakta nauli na adai chenji yake. Mwanzoni atakutazama usoni umsemee. Usimsemee.

Kisha mfanye mchezo nyumbani: wewe mwalimu, yeye mwanafunzi. "Mwalimu, sijaelewa hapo, naomba urudie." "Matroni, ufunguo wangu umepotea." "Kiranja, hiyo pesa ni yangu ya matumizi, siwezi kukupa." Maneno yakishapita kinywani mara kumi, siku ya shida hayagomi. Na funguo za akiba zitengenezeni, moja aishone kwenye pindo la sketi au kaptula.

Kwa mabinti, mazungumzo ya hedhi yasisubiri. Kwa mila zetu shangazi ndiye mwenye kazi hiyo, naye aitwe kama yupo, lakini shangazi akiwa mbali mama asinyamaze. Nimewahi kukaa na msichana aliyejifungia chooni kipindi kizima akiamini anaumwa ugonjwa mkubwa. Na baba anayeweza kusema bila haya, "Pedi zikikuisha niambie," anamfungulia binti yake mlango mwingine.

Uonevu upo. Wakubwa huwachotesha maji S1, huwanyang'anya vyakula vya sandukuni, huwapa majina. Usimwambie mwanao avumilie kwa sababu hata wewe ulivumilia. Mpe majina ya watu wawili wa kuwaendea, na mhakikishe yeye anawajua kwa sura: siku ya kuripoti, kabla hujaondoka, mtembeze hadi kwa mwalimu wa darasa na hadi kwa matroni, asalimie yeye kwa mdomo wake. Afahamu pia namba 116, Sauti, laini ya watoto isiyolipiwa. Na viboko shuleni vimekatazwa na sheria tangu 2016; mtoto ana haki ya kulijua hilo.

Kuhusu bweni, nina maoni yangu. Shule ya kutwa iliyo karibu, mtoto analala nyumbani na anakula na ninyi, mara nyingi inamfaa wa miaka 12 au 13 kuliko shule yenye jina iliyo mbali na ambayo karo yake inawakosesha usingizi. Kama lazima iwe bweni, nendeni naye mkaione kabla, aone choo, aone kitanda.

Siku ya kutembelea ikifika, swali la kwanza huwa ni "umekuwa wa ngapi?" Liweke la mwisho. Uliza anakula meza moja na nani. Uliza mara ya mwisho aliomba msaada kwa nani na aliambiwaje. Kisha mpe kipande cha kuku, unyamaze. Wengi huanza kusema pale wanapofikia mfupa. Akisema analia usiku wiki ya pili, hiyo ni kawaida, mtie moyo. Akiwa amekonda, haoni mtu wa kukaa naye, na anakwepa kutaja bweni lake, usipande gari la kurudi kabla hujaonana na mwalimu.