Mikrokapsuli za polima na uhai wa bakteria

Mikrokapsuli ni kifuko kidogo sana cha polima (dutu yenye molekuli ndefu kama minyororo), aghalabu chenye kipenyo kisichozidi milimita moja, kinachobeba ndani yake bakteria walio hai ili wasife kabla ya kufika mahali wanapohitajika. Bakteria wa mtindi wa jamii ya Lactobacillus, kwa mfano, wakimezwa bila kinga hukutana na asidi ya tumbo, ambayo pH yake (kipimo cha asidi: kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali) huweza kushuka hadi karibu 2, na wengi wao huangamia kabla ya kuufikia utumbo.

Polima inayotumika sana ni alginati, itokanayo na mwani wa kahawia. Alginati ya sodiamu huyeyushwa katika maji, takribani gramu 2 kwa kila mililita 100, bakteria huchanganywa humo, kisha mchanganyiko hudondoshwa tone kwa tone katika maji yenye kloridi ya kalsiamu. Tone likiyagusa maji hayo, kalsiamu hushika nafasi ya sodiamu na kuzifunga nyuzi za alginati pamoja, nalo huanza kuganda papo hapo na kuwa punje laini, ambayo ndiyo mikrokapsuli yenyewe. Kazi yote hufanyika bila moto wala kemikali kali, na kwa maoni yangu huo ndio ubora wake mkubwa. Karajinani, inayopatikana katika mwani unaolimwa Zanzibar, hutumika pia, ila huyeyushwa kwa joto, hivyo bakteria hutiwa baada ya kupoa kiasi, kabla haijaganda.

Ni kosa kukidhania kifuko hiki kuwa kimezibwa kabisa. Kina vitundu vinavyopitisha maji, sukari na asidi ya maziwa, lakini vinavyomzuia bakteria asitoke. Kwa kuwa asidi ya tumbo nayo hupenya taratibu, watengenezaji wengi huongeza tabaka la kitosani, polima inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ambayo hunata juu ya alginati kwa sababu chaji zao za umeme ni kinyume. Tumboni punje hujikaza. Utumbo mdogo, ambako asidi imepungua na fosfati huiondoa kalsiamu, huifanya ivimbe, ilegee na kuwaachia bakteria.

Ukubwa wa punje ni suala gumu, kwani iliyo kubwa hulinda vizuri zaidi lakini mlaji huihisi ulimini kama chenga.

Kwa njia hiyohiyo hufungashwa rizobia, yaani bakteria wa mizizini wanaoipatia mimea ya mikunde nitrojeni, wanaopandwa pamoja na maharage na soya, isipokuwa huko shambani wanaokifungua kifuko ni vijidudu vya udongo, ambavyo huila alginati kidogo kidogo.