Jicho halikuguswa, lakini kope imeshuka

Wengi huamini kuwa jicho hubadilika baada ya ajali pale tu linapogongwa lenyewe. Aliyebanwa kifua na usukani, au shingo na mkanda wa gari, kope ikishuka huambiwa ni uchovu.

Kumbe neva inayotanua mboni hupita mbali: hutoka kwenye ubongo, hushuka na uti wa mgongo hadi kifuani, huzunguka juu ya ncha ya pafu, kisha hupanda shingoni ikiambatana na mshipa mkubwa wa damu. Ikiumia, kope ya juu hushuka kidogo, milimita 1 au 2, na mboni ya upande huohuo husinyaa. Pengine nusu ya uso haitoki jasho.

Simama mbele ya kioo, punguza taa. Mboni isiyoathirika hutanuka upesi. Iliyoathirika huchelewa, tofauti ikaonekana wazi kuliko mwangani. Linganisha na picha ya zamani, maana wapo waliozaliwa na mboni zisizolingana.

Dalili ikiwa mpya, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama huumwi. Ukuta wa ule mshipa huenda umechanika ndani, na damu ikiganda hapo huweza kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye. Mweleze daktari pigo lilipotua. Matone ya macho hayatibu shingo.