Waini ya Italia na porojo za mezani

Nimebeba trei Malindi miaka tisa, na anayeijua Malindi anajua Waitaliano walivyojaa kule, kuna vijana wa beach Kiingereza kinawapiga chenga lakini Kiitaliano wanakimwaga tu. Sasa katika miaka yote hiyo mteja wa Nairobi akikaa anasema "nipe waini ya Italia", na Muitaliano mwenyewe hajaniambia hivo hata siku moja. Yeye anauliza mna kitu cha mkoa wa Piemonte, hiyo nyeupe ya Vermentino ni ya Sardinia ama ya Liguria, na ukimjibu "si zote za Italia tu" anakuangalia kama umemtilia chumvi kwenye kahawa.

Basi hilo ndo kosa mama, yale mengine yote yanazaliwa hapo. Italia imekuwa nchi moja mwaka 1861 tu, kabla ya hapo zilikuwa falme na miji kila mmoja na bwana wake, kila watu na zabibu zao na jiko lao, na kuungana hakukubadilisha kilichoko ndani ya pipa. Mikoa iko 20 na yote 20 inatengeneza waini, hata Valle d'Aosta kule milimani kwenye baridi. Aina za zabibu zinazolimwa kihalali zinapita 350 na nyingine hazitoki nje ya vijiji viwili vitatu. Alto Adige kule kaskazini ilikuwa ya Austria mpaka baada ya vita vya kwanza vya dunia, wengi wa kule mpaka leo nyumbani wanaongea Kijerumani na chupa zao nyingi zinaandikwa hivo hivo, ile nyeupe ya Gewürztraminer watu wanajikata ulimi kuitamka jina lake limetoka kijiji cha Tramin huko huko. Kwa hivyo kusema waini ya Italia ni sawa na mgeni akuambie anataka chakula cha Afrika Mashariki, utampelekea nini, matoke au urojo?

Haya, tuingie kwenye porojo zenyewe.

"Chianti ni ile chupa ya tumbo yenye kikapu." Hapana, ile chupa inaitwa fiasco na kikapu hakikuwekwa kwa urembo. Zamani glasi ilikuwa inapulizwa kwa mdomo, kitako kinatoka mviringo, chupa haisimami, basi wakaisukia majani makavu ipate pa kukalia na isivunjike kwenye mkokoteni. Baadaye ikawa alama ya waini ya bei ya chini na kinara cha mshumaa kwenye pizzeria dunia nzima. Chianti yenyewe ni eneo, vilima vya kati ya miji ya Firenze na Siena na pembeni yake, na Cosimo III wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alishaiwekea mipaka kwa amri mwaka 1716, yaani Italia haijazaliwa bado. Zabibu yake kuu ni Sangiovese.

Na wazee wengine wakikuambia Chianti ni maji maji usiwabishie haraka manake wana sababu. Baron Bettino Ricasoli, ambaye alishawahi kuwa waziri mkuu wa Italia, mwaka 1872 aliandika mchanganyiko wake wa Chianti, Sangiovese mbele, zabibu ya Canaiolo kidogo ya kulainisha, na Malvasia nyeupe kama waini ni ya kunywewa mapema. Sasa sheria ya 1967 ikaja ikashika hapo kwenye nyeupe, ikalazimisha kati ya asilimia 10 na 30 ya zabibu nyeupe ndani ya waini nyekundu! Mkulima akipenda asipende. Unaona vile ilikuwa, nyepesi, chachu, imepauka. Chianti Classico, ile yenye jogoo mweusi shingoni, imepiga marufuku zabibu nyeupe kabisa tangu 2006. Na Classico si Chianti "ya zamani" wala "ya asili", ni eneo lake la katikati na lina kanuni zake.

Hapa ndo inaingia dhana nyingine ambayo hata mameneja wanatufundisha: "ukiona DOCG ujue ndo bora, isiyo nayo ni takataka." DOC ni daraja la waini ambayo jina la eneo lake linalindwa kisheria, DOCG ni la juu yake. Mfumo wa DOC ulianza na sheria ya 1963, DOCG za kwanza kwanza zikatoka 1980, Barolo ya Piemonte ikiwemo na Brunello ya Toscana. Ule ukanda wa karatasi wenye namba pale shingoni unakuambia waini imetoka wapi, zabibu gani, imelala muda gani, na kwamba imepimwa na kuonjwa kabla ya kutoka. Barolo kwa mfano ni Nebbiolo tupu na ni lazima ikae miezi 38 kabla haijauzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Sawa, hiyo ni kazi ya maana. Lakini ukanda haukuhakikishii kwamba utaipenda, wala haujui mkulima alikuwa mvivu mwaka ule.

Ushahidi uko Bolgheri, pwani ya Toscana. Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet Sauvignon pale miaka ya 1940, zabibu ya Bordeaux kule Ufaransa, anatengenezea familia yake tu, majirani wakiionja wanakunja sura. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya mavuno ya 1968 na jina lake Sassicaia. Kwa sheria za wakati ule zabibu hiyo na eneo hilo havikuwa na cheo chochote, kwa hivyo ikaandikwa vino da tavola, waini ya mezani, daraja la chini kabisa, cheo kimoja na ile ya kujazwa kwenye mitungi. Antinori, mtengenezaji mwingine wa Toscana, naye akatoa Tignanello ya 1971 nje ya jina la Chianti, baadaye akaziondoa zabibu nyeupe zote. Kwa hiyo kwa miaka mingi baadhi ya waini ghali kabisa za Toscana zilikuwa na lebo ya waini duni, na serikali ndo ikabidi ikimbie nyuma yao, 1992 wakaweka daraja la IGT katikati ya vino da tavola na DOC. Leo chupa moja ya Sassicaia inameza mshahara wangu wote wa mwezi na tip juu.

Ya Montepulciano nitaipita haraka manake hata mimi ilinitoa jasho. Montepulciano ni mji wa Toscana, na pia ni zabibu ya Abruzzo, na hivi viwili havihusiani. Vino Nobile di Montepulciano inatoka kwenye mji na sehemu kubwa ni Sangiovese. Montepulciano d'Abruzzo imepewa jina la ile zabibu. Mtu anaagiza moja analetewa nyingine, anagombana na weita.

"Prosecco ni shampeni ya maskini." Hii inaniudhi kidogo, manake ni kama kusema chapati ni mkate ulioshindwa kuumuka. Shampeni mapovu yake yanatengenezwa ndani ya chupa ile ile utakayoinunua na inakaa na hamira yake miezi na miezi, ndo maana ina ule utamu wa mkate mkate. Prosecco mapovu yanatengenezwa kwenye tangi kubwa la chuma lililozibwa, njia ambayo Muitaliano Federico Martinotti aliibuni 1895 kule Asti kabla Mfaransa Charmat hajaiboresha ikachukua jina lake, na tangi wamelichagua makusudi kwa sababu zabibu inayoitwa Glera inanukia peari na maua na ukiilaza sana harufu inakimbia. Ukitaka Muitaliano anayeshindana na shampeni kwa njia ya shampeni agiza Franciacorta ya Lombardia, angalau miezi 18 kwenye hamira, au Trento, usiionee Prosecco.

Na jamani hili neno "Extra Dry" kwenye Prosecco limeshanitia aibu mbele ya watu. Mama mmoja aliniambia hataki sukari kabisa, nikampa Extra Dry kwa kujiamini, akaonja akaniita pembeni. Kumbe Extra Dry ina sukari kuliko Brut! Brut ni chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry inafika 17. Ukitaka kavu omba Brut, au Extra Brut kabisa.

Sasa Lambrusco. "Si ile soda nyekundu ya watoto?" Miaka ya sabini na themanini walipeleka Marekani Lambrusco tamu kwa mamilioni ya chupa na jina likaharibika pale pale. Siku moja wiki ya Pasaka mzee mmoja wa Modena alikuja na chupa yake mfukoni mwa begi, akaniomba niifungue nje kwenye baraza, nikadhani ni maringo tu. Nilivyolegeza kizibo povu la zambarau likapanda mpaka mkononi, halafu rangi ile ya juisi ya kwaju na zambarau ikakaa kwenye glasi inachemka, nikaonja tone. Kavu! Inakwaruza ulimi kidogo, ina uchachu, hamna sukari. Akaniagiza sahani ya salami na jibini ya Parmigiano, akasema kwao Emilia chakula chote ni mafuta, nguruwe, siagi, tortellini, na hii waini kazi yake ni kukata mafuta. Mi nikamwambia hapa kwetu ndo maana tunakamulia ndimu kwenye mishkaki, akacheka sana. Lambrusco yenyewe ni ukoo wa zabibu, kuna Sorbara yenye rangi hafifu karibu ya waridi na chachu kweli kweli, kuna Grasparossa nyeusi nzito, na tamu zipo pia, lakini kusema zote ni tamu ni uongo.

"Waini nyekundu inaletwa ikiwa kwenye joto la chumba." Chumba gani? Hilo neno lilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya hita, chumba kina nyuzi 16 au 18. Malindi mwezi wa pili chumba kina nyuzi 32, waini inakuja kama chai, pombe inakupiga puani kabla ya zabibu. Mimi naichukua chupa naizamisha kwenye ndoo ya maji na barafu dakika kumi na tano hata kama ni Barolo, wageni wa Nairobi wananishangaa wakidhani sijafundishwa, Waitaliano wananitikisia kichwa kukubali. Nyekundu nyepesi kama Schiava ya Alto Adige unaipoza zaidi ya hapo.

Kuna ndogo ndogo. Yale machozi yanayoteremka kwenye glasi hayakuambii waini ni nzuri, ni pombe inageuka mvuke haraka kuliko maji na mvuto wa uso wa kimiminika unabadilika, mwanafizikia Muitaliano Carlo Marangoni ndo jina lake limepewa jambo hilo. Waini ikizeeka inakuwa bora? Barolo na Brunello ndio, zinaishi miongo, lakini Prosecco uliyoificha tangu harusi yako imeshakufa. Amarone nzito vile imetiwa sukari? Hapana, sheria ya Italia hairuhusu kumwaga sukari kwenye waini ya namna hiyo, wanachofanya kwenye eneo la Valpolicella ni kutandaza zabibu za Corvina na wenzake kwenye vichanja zisinyae miezi mitatu hivi mpaka maji yapungue, halafu wanakamua katikati ya baridi. Sukari karibu yote ikigeuka pombe unapata Amarone, jina lenyewe limetoka kwenye neno la uchungu. Ikibaki ni Recioto.

Na "Italia nilikunywa na kichwa hakikuniuma manake kule hawaweki sulfaiti", hii naisikia kila Desemba. Sulfaiti ni dawa ya kuzuia waini isiharibike, na wanaiweka. Lebo inasema contiene solfiti huko huko Italia na ni lazima kisheria tangu 2005, na hamira yenyewe inatoa sulfaiti kidogo hata usipotia kitu. Tena nyeupe inaruhusiwa sulfaiti nyingi kuliko nyekundu, wakati watu wanailaumu nyekundu. Kule ulikunywa glasi mbili na chakula na chupa ya maji pembeni. Hapa ulikunywa nne na karanga.

Ya mwisho ni dharau ya kaskazini kwa kusini, eti waini ya kusini ni ya kuchanganyia tu. Zamani kweli walikuwa wanaijaza kwenye matangi inapelekwa juu, hata Ufaransa, kuzipa nguvu waini dhaifu, na mkulima wa Puglia jina lake halionekani popote. Lakini Primitivo ya hapo Puglia ilipimwa vinasaba ikaonekana ndo ile ile Zinfandel Wamarekani wanajivunia, na zote asili yake Croatia. Taurasi ya Campania inakomaa kama Barolo. Etna, mlima wa Sicily, wanalima mpaka karibu mita elfu moja kwenye majivu ya volkano hai, zabibu Nerello Mascalese, mizabibu mingine imepita miaka mia.

Halafu kuna Pantelleria, kisiwa cha Italia kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicily. Upepo ni mkali mpaka mzabibu unapandwa kwenye shimo na kukatwa uwe mfupi kama kichaka, kilimo hicho UNESCO wamekiingiza kwenye orodha yao 2014. Zabibu wanazianika juani wanatengeneza passito tamu ya rangi ya kaharabu. Mzee mmoja wa Sicily alikuwa ananieleza jina la zabibu hiyo, anatamka polepole nisikosee, zi-bib-bo, Waarabu ndo walituachia. Nikamwambia mzee, sisi hapa matunda yote hayo tunaita zabibu. Akanirudisha niseme tena, halafu akamwita mkewe kutoka kwenye swimming pool aje asikie.