Kudarizi si kufuma: maana yake, kwa mfano wa mto na ziwa

Kaa nje ya nyumba Kisumu na sindano mkononi, na wa kwanza kupita atakuuliza, "Dada, unafuma nini?" Mimi hujibu tu, "Kitambaa," kwa sababu kueleza tofauti huku umebana uzi kwa meno ni kazi. Lakini tofauti ipo.

Kufuma ni kukitengeneza kitambaa chenyewe. Uzi unashikana na uzi, kwa mashine au kwa sindano ya kroshia, mpaka kinatokea kitu ambacho hakikuwepo. Kudarizi (wengine husema kutarizi, na yote ni sawa) kunaanza pale kufuma kunapoishia: kitambaa kipo tayari, nawe unapitisha uzi juu yake kutoa picha, ua au maandishi. Vile vitambaa vyeupe vyenye matundumatundu tulivyotandikiwa kwenye makochi vimefumwa. Kile cha ukutani chenye "Karibu Wageni" kimedariziwa. Kushona nako ni kuunganisha vipande. Kipimo changu ni hiki: fumua mshono wa shati, shati litaachana, fumua darizi, kitambaa kitabaki kizima, kina vitundu vya sindano tu.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Pwani ndiko limezoeleka zaidi, kwa sababu ya nakshi za shingoni mwa kanzu na kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono. Ni lugha ya sindano iliyoenea mbali: darizi ya Wapalestina iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021.

Huku kwetu bara mtu hujifunza kwa maua. Mimi nashauri uanze na maji, kwa kuwa maji yatakuonyesha haraka kwamba darizi si suala la rangi tu. Ua ukilijaza nyekundu, litaonekana ua hata kama mishono yako imekaa ovyo. Maji hayakubali. Ukijaza bluu tupu umepata kiraka cha bluu. Kinachoyafanya yatembee ni upande ambao mishono imelalia.

Chukua mto Nyando. Unatoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, unashuka uwanda wa Kano, unapita Ahero, kisha unamwagika katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria ukiwa umebeba udongo. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi 6 nyembamba zilizolala pamoja, na unaweza kuzichomoa mojamoja. Basi kule milimani tumia moja tu. Ukifika Ahero ziwe tatu. Mdomoni mwa mto weka zote sita. Mto utanenepa wenyewe bila kuchora mstari wa pili. Mshono wa mnyororo ndio unaofaa hapa: kila kitanzi kimeshikwa na kinachofuata, kwa hiyo unapinda kona bila kukatika. Usikate uzi mrefu kupita urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ukizidi hapo utakuwa unafungua mafundo badala ya kudarizi.

Ziwa ni kinyume chake. Hapo piga bandi, mishono mifupi ya kulala yenye nafasi katikati, mstari chini ya mstari, bila kuipanga ilingane. Zile nafasi ndizo mwanga juu ya maji. Bluu itatumika kidogo kuliko unavyodhani: kaa ufukweni Dunga asubuhi uhesabu, utaona kijivu, kahawia, na kijani cha magugu maji.

Mtu aliwahi kuniuliza kwa nini kitambaa changu nakiita "mto na bahari" wakati hakina bahari. Kwa Kijaluo, nam ni ziwa na ni bahari pia. Na hata kwa ramani sijakosea, kwani maji ya ziwa hili hutokea Jinja, yakafuata Nile hadi Mediterania.

Jambo moja la kuangalia ni uzi unaotoa rangi. Lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, subiri. Mimi sikufanya hivyo na uzi wa kahawia nilioununua kwa bei ya kutupa. Kazi ya miezi miwili, kitambaa kizuri cha marekani. Nikakifua, na Nyando yote ikachuruzika ndani ya ghuba, doa la upana wa kiganja. Nilikianika kwa hasira. Shangazi akapita, akasimama mbele ya kamba muda mrefu.

"Haya ni ya masika," akasema. "Hapa pa matope umepashonaje?"